Siku niliyopelekwa Kageye

Baba yangu mdogo ni mtu wa Magu damudamu, na tangu niko mdogo alikuwa ananiambia wewe unajua Bismarck Rock na Capri Point za hapa Mwanza mjini tu, kwenu hupajui kabisa. Basi likizo moja ya mwezi wa 6, niko form 3, akanifuata nyumbani Mabatini na pikipiki, mama akatufungia matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga kwenye rambo, tukaondoka.

Tukaanzia Bujora pale Kisesa, kama kilomita 20 hivi kutoka mjini. Makumbusho ile aliianzisha Padri David Clement, Mkanada, miaka ya 1950, na banda la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Ngoma zimejaa mle ndani, nyingine kubwa kuliko mimi, ngozi imekauka ikawa ngumu kama ubao na pembeni vigingi vimeshika bado. Nje kulikuwa na vijana wanafanya mazoezi ya Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma ya Wasukuma, jembe linarushwa juu linadakwa huku wanacheza, baba mdogo akasahau safari kabisa akaanza kubishana na mzee mmoja kama Bagika ni zaidi ya Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana. Sisi ni Bagalu, hilo halina mjadala.

Mto Simiyu tuliupitia haraka, kiangazi kilishaanza maji yamepungua, mchanga mweupe umetokeza na ng'ombe wanakunywa, pande zote pamba imefunguka.

Ila Kageye, kijiji cha kando ya Ziwa Victoria, ndiyo ilinishika. Tukaacha lami, vumbi hadi kwenye kope, ghafla ziwa hilo mbele yetu, dagaa wameanikwa ufukweni. Tukamkuta babu mmoja amekaa kivulini, nikapiga magoti nikamsalimia Kisukuma, "Mwadila guku," akaitikia akatutembeza. Akasema hapa watumwa walikuwa wanakusanywa, na hapa ndipo Stanley, yule mpelelezi Mzungu, alipofikia Februari 1875 akitokea Bagamoyo na boti yake Lady Alice, imekatwa vipande vipande, imebebwa na watu mabegani nchi nzima. Wakaiunga hapohapo, Machi akaingia nayo ziwani, akalizunguka lote kwa siku 57. Nyuma alimwacha kijana wa Kiingereza, Frederick Barker, aliyekuwa karani wa hoteli London, akaugua akafa Aprili, Stanley hajarudi. Akazikwa huku.

Nilimhurumia yule kijana kwa kweli, kufa mbali hivyo na kwao. Lakini nikamuuliza, babu, na waliobeba boti? Msafara ulianza na watu zaidi ya 300, Waungwana wa Zanzibar na Wanyamwezi, wengine wakafa njiani kwa njaa na maradhi. Babu akanitazama sana akasema, mjukuu wangu, wageni wakija hapa wanamuulizia Mzungu, hao wengine hawaulizwi. Miaka mingi baadaye ndio nimesoma kuhusu Uledi, aliyekuwa anashika usukani wa Lady Alice, na Manwa Sera, mkubwa wa wapagazi. Hao angalau majina yamebaki. Ila waliofungwa minyororo wakapitishwa pale ufukweni, hata jina moja sijawahi kukutana nalo, na mpaka leo linaniuma, maana wale ndio watu wetu, pengine kuna wa ukoo wangu humo.

Jioni tulisimama Kisesa kuweka mafuta, nikamwambia baba mdogo nitajie wazee wetu kuanzia babu kurudi nyuma. Hakucheka. Akaegemea pikipiki akaanza, mimi naandika nyuma ya daftari la jiografia, baba yake, babu yake, baba wa babu yake, alilima wapi, alihamia lini upande wa mto. Wa nne akakwama, akajikuna kichwa, akasema twende tu, kesho tutamuuliza bibi yako, huyo hajasahau mtu.