Pointi ya kwanza ya ATP inavyotafutwa

Kijana akitangaza kwamba sasa anacheza tenisi ya kulipwa, swali la kwanza la watu ni lini atafika Wimbledon. Anayemtakia mema angemuuliza hivi: wiki nne zijazo unacheza wapi, na nauli inatoka wapi?

Wanaume wengi huanzia mashindano ya ITF (Shirikisho la Tenisi la Kimataifa) ya ngazi ya M15, ambayo zawadi zake zote kwa jumla ni dola 15,000. Droo kuu ina wachezaji 32. Anayetolewa raundi ya kwanza huondoka na dola 156, tena kabla ya kodi. Ukishinda mechi moja unapata dola 258 na pointi moja ya ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, na jina lako linaingia kwenye orodha ya viwango vya dunia. Robo fainali ni dola 438, bingwa 2,160. Anayeishia hatua ya kufuzu, kabla ya droo kuu, harudi na hata senti. Kwa wanawake pointi moja haitoshi: WTA, chama chao, hukuweka kwenye orodha ukiwa umepata pointi katika mashindano matatu, au angalau pointi 10 kwa jumla.

Kwa mahesabu hayo, ratiba ni silaha kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tafuta mji wenye mashindano ya wiki tatu au nne mfululizo, kama Monastir nchini Tunisia au Antalya nchini Uturuki. Unalipa nauli mara moja, unazoea viwanja, na ukitolewa Jumanne unabaki kufanya mazoezi na wenzako. Kijana anayeruka nchi tatu kwa wiki tatu hufika amechoka, hufungwa mapema, kisha hupanda ndege tena. Nimeona vipaji vingi vikipotea hivyo, na inauma.

Maombi hufungwa Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya wiki ya mashindano. Kujitoa bila adhabu mwisho ni Jumanne, siku 13 kabla. Usiye kwenye orodha ya viwango utajikuta kwenye orodha ya akiba, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege kabla hujaona umesimama nafasi ya ngapi.

Kumbuka pia kwamba pointi huishi wiki 52 tu. Aliyevuna zote mwezi mmoja ataziona zikianguka pamoja mwaka unaofuata.

Nyuzi ni gharama isiyokwepeka. Raketi moja hula kama mita 12, hivyo roli la mita 200 linatosha raketi 16. Nyuzi za poliesta hulegea upesi hata zisipokatika: mpira unaanza kuruka mbali, mchezaji anaanza kuulaumu mkono wake, kumbe tatizo ni mkazo uliopungua. Ukiwa na raketi tatu, fungisha moja au mbili upya kabla ya kila mechi. Anayejua kufunga mwenyewe kwa mashine ndogo ya kubeba huokoa fedha nyingi.

La mwisho ni zito. Ngazi hizi za chini, ambako fedha ni kidogo, ndizo wapanga matokeo huzivizia, mara nyingi kwa ujumbe wa simu. Mchezaji haruhusiwi kubeti tenisi ya aina yoyote. Na ukifuatwa, kukataa peke yake hakutoshi: usiporipoti kwa ITIA, shirika la kimataifa la uadilifu wa tenisi, umeshavunja kanuni. Hifadhi ujumbe wenyewe, usiufute, uripoti mara moja.