Kuzima function_graph kabla laptopu haijalala

Laptopu ninayopimia draiva za Linux husafiri kila siku kati ya Area D na Mtumba, hapa Dodoma, ikiwa imelala ndani ya begi, hivyo lazima iamke ninapoifungua. Nilipoiacha ikiwa na function_graph (kifuatiliaji cha kerneli, yaani kiini cha Linux, kinachorekodi kila funksheni inapoanza na kuisha), ililala vizuri ila haikuamka: feni inazunguka, skrini nyeusi, hadi niizime kwa kubonyeza kitufe muda mrefu.

Mwanzoni niliandika 0 kwenye /sys/kernel/tracing/tracing_on nikidhani nimemaliza. Hapo ndipo wengi hukwama. Amri hiyo husimamisha uandishi kwenye bafa tu, yaani kumbukumbu inayohifadhi rekodi za ufuatiliaji. Ndoano zilizopachikwa kwenye funksheni zinabaki. function_graph hubadilisha anwani ya kurudi ya kila funksheni ili ijue imeisha lini, lakini katika usingizi wa deep (ule mzito, ambao RAM pekee hubaki na umeme) prosesa huzimwa na kuamkia njia nyingine, si ile iliyoingilia. Kwenye prosesa za x86 (Intel na AMD) kerneli yenyewe husitisha function_graph katika hatua hiyo. Hata hivyo, msimbo unaokimbia kabla rejista hazijarudishwa ukifuatiliwa, mashine huanguka bila kuacha neno kwenye logi.

Kilichonisaidia ni skripti ndani ya /usr/lib/systemd/system-sleep/, yenye ruhusa ya kutekelezwa (chmod +x). systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, huipa neno pre kabla ya kulala na post baada ya kuamka. Kwenye pre, mpangilio ni huu: andika 0 kwenye tracing_on, nakili faili la trace mahali salama, hifadhi jina lililo kwenye current_tracer ndani ya /run, kisha andika nop (hakuna kifuatiliaji) kwenye current_tracer. Usigeuze hatua hizi, kwa sababu kubadilisha current_tracer hufuta bafa yote. Kwenye post, rudisha jina lile, halafu 1 kwenye tracing_on.

Kupima, usiandike mem kwenye /sys/power/state moja kwa moja, maana skripti itarukwa. Tumia systemctl suspend. Kama kerneli yako ina /sys/power/pm_test, faili la kujaribu usingizi hatua kwa hatua, andika humo freezer, kisha devices, platform, processors na core, ukilaza mashine kila mara. Husubiri sekunde 5 na kurudi yenyewe, na hatua inayokwama ndiyo yenye tatizo. Ukimaliza rudisha none, la sivyo utadhani laptopu imelala kumbe betri inaisha ndani ya begi.

Mashine ikiamka lakini dmesg (amri ya kusoma logi ya kerneli) inaonyesha "Delta way too big", saa ya ufuatiliaji imeruka. Andika global kwenye trace_clock. Hiyo nayo hufuta bafa, kwa hiyo iweke kabla ya kuanza kazi.

Na kama unachotaka kupima ni usingizi wenyewe, achana na function_graph. Washa matukio ya power: suspend_resume, device_pm_callback_start na device_pm_callback_end. Yanaonyesha kila kifaa kilichukua muda gani kulala na kuamka, bila kugusa anwani za kurudi.