Tulivyokula kwa wenyeji tukiwa watu 23

Safari za kundi kubwa huishia kwenye bufe ya pale mnapolala. Viti vipo, chakula kipo, lawama hazipo. Nilipokabidhiwa kazi ya chakula katika safari ya ukoo wetu, watu 23 kuanzia watoto wa chekechea hadi bibi aliyekatazwa chumvi na daktari, niliukataa mpango huo mapema. Sioni raha ya kwenda mbali kote huko kisha ule kile kile unachokipata katika hoteli yoyote. Taabu ni kwamba mahali wenyeji wanapokula vizuri huwa padogo, na watu 23 wakiingia kwa mpigo ni uvamizi.

Kwanza niliacha kuhesabu viti. Wengi wetu tukifika mgahawani tunaangalia meza, tunasema "tutaenea," basi. Lakini chakula hakipikwi kwenye meza. Mgahawa wa viti hamsini unaweza kuwa na majiko manne, mpishi mmoja na msaidizi wake, kwa sababu siku za kawaida wateja huja kwa zamu na jiko hupata kupumua. Ninyi mkiagiza sahani 23 za aina tofauti kwa wakati mmoja, wa kwanza atamaliza kula kabla wa mwisho hajaletewa hata kijiko, na wateja wa kila siku watakaa wakiwakodolea macho. Kwa hiyo swali langu likawa moja: "Mnaweza kutoa sahani ngapi kwa pamoja, zote zikiwa za moto?" Aliyenijibu papo hapo "hata mia!" nilimshukuru nikaenda zangu. Niliyemwamini ni yule aliyesita kidogo, akaingia jikoni kumwuliza mpishi, akarudi na idadi ndogo.

Kutafuta mahali nilikufanya alasiri, pamoja na binamu yangu, wakati wateja wa mchana wameshaondoka na wa jioni bado. Saa hizo mpishi anaweza kutoka nje kuongea na mtu. Mapokezi hawakunifaa sana, maana mgeni huelekezwa wanakoelekezwa wageni wote. Nilimwuliza dereva wetu yeye mwenyewe anakula wapi akiwa na njaa na hana haraka. Huyo alinitajia mahali pawili ambapo nisingepaona kamwe, hata bango hawana.

Kisha orodha. Tulikubaliana na mpishi vyakula vitatu tu kwa kila mlo: kimoja cha mchuzi, kimoja cha motoni, kimoja kisicho na nyama. Cha mchuzi ndicho mkombozi wa kundi, kwani kupikia watu thelathini ni suala la sufuria kubwa zaidi, wakati vya kukaanga hutoka vichache vichache hata ufanye nini. Usiku uliotangulia nilituma orodha kwenye kundi la WhatsApp na kuweka saa ya mwisho. Asiyejibu anapewa mchuzi. Shangazi alichukia. "Mwanangu, kwani tumekuja bweni?" Nikamwambia, "Shangazi, wewe chagua unachotaka, ila uchague leo." Alichagua, huku akinung'unika.

Kuagiza mapema kuna hatari yake, na hii wapangaji wengi hawaifikirii. Mpishi mwenye hofu ya kuchelewa hupika mapema mno, na chakula kinakaa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachosubiri kuliwa kiwe cha moto, zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi. Kwa hiyo sikumtajia mpishi saa ya kufika tu nikanyamaza. Nilipiga simu wakati watu wameshaketi ndani ya gari, si wakati wanasema "tunatoka sasa hivi." Wanaoujua ukoo wangu wanaelewa kuna umbali gani kati ya hayo mawili.

Mtoto wa shemeji yangu ana mzio wa karanga. Nilimwomba dereva aniandikie hilo kwa lugha ya pale kwenye karatasi, nikaipeleka jikoni kwa mkono wangu, kwa sababu ujumbe unaopitia kwa mhudumu hufika umepungua. Sikuuliza tu kama kuna karanga ndani ya chakula. Niliuliza mchuzi umeungwa na nini, na kama mafuta ya kukaangia yanatumika kwa kila kitu. Mahali walipobabaika kujibu, mtoto alikula alichofungiwa na mama yake, na hapakuwa na mjadala.

Milo iliyotufurahisha kuliko yote ilikuwa ile tuliyogawanyika. Dereva alitupeleka kwenye migahawa miwili inayotazamana barabarani, nusu yetu wakaingia huku na nusu kule. Wazee walilalamika kwamba tumekuja pamoja tule pamoja. Lakini kwenye meza ya watu 23 unaongea na wanne waliokuzunguka, wengine unawaona vichwa tu. Siku iliyofuata pande zote mbili zilibadilishana, na ubishi wa nani alikula vizuri zaidi ukadumu hadi tulipopanda basi.

Fedha niliziwekea mfuko mmoja kabla ya kuondoka: watu wazima sawasawa, watoto nusu. Vinywaji vilibaki nje ya mfuko, kila mtu na chake, kwa kuwa asiyekunywa pombe hawezi kufurahia kumchangia anayekunywa, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja. Mpishi nilimpa sehemu ya malipo siku moja kabla, kwa risiti, apate cha kuendea sokoni. Na kabla ya kuketi niliuliza kama bili ya kundi inaongezewa gharama ya huduma. Mahali pengine inaongezwa, na mjomba wangu mkarimu angelipa bakshishi mara mbili bila kujua.

Mgahawa mmoja walitukataa kabisa. Mama mwenye nao alisema jiko lake ni la watu kumi, hataki kuharibu jina lake kwa ajili ya usiku mmoja. Nilirudi kesho yake na binamu yangu, sisi wawili tu, na kwenye kundi hatukuandika neno.