Tyndale, jina lililotoka katika bonde la mto Tyne

Safari hii nilibahatika kufika karibu na mji wa Hexham, kaskazini mwa Uingereza, mahali ambapo Tyne ya Kaskazini, inayoshuka kutoka upande wa mpaka wa Uskoti ikiwa na maji ya rangi ya chai, inaungana na Tyne ya Kusini na kuwa mto mmoja unaopita Newcastle hadi Bahari ya Kaskazini. Bonde lake huitwa Tynedale, na ndilo asili ya jina la ukoo linaloandikwa Tyndale, Tindale au Tindall, kwa kuwa makarani wa zamani waliandika jinsi walivyosikia.

Jina la aina hii kwa kawaida alipewa mtu aliyehama, maana ndani ya bonde lenyewe lisingemtofautisha na jirani yake. Kwa hiyo sishangai kwamba William Tyndale, mfasiri wa Biblia aliyeuawa karibu na Brussels mwaka 1536, alitoka Gloucestershire, mbali kabisa kusini-magharibi. Jamaa zake walijulikana pia kwa jina la Hychyns, na hilo ndilo alilojiandikisha nalo Oxford.