Solatepu ndiyo iliyoniamulia lenzi ya kununua

Kila nikionyesha picha zilizotoka na ukungu, wajuzi wa hapa Kigoma wana jibu moja tu: "Uza hiyo D3300, nunua fulu fremu." D3300 ni kamera yangu ndogo ya Nikon; fulu fremu ni kamera yenye sensa kubwa zaidi. Hakuna aliyewahi kuniuliza picha zinaharibikia wapi. Inaniudhi, maana ushauri huo ni wa mamilioni, na anayeutoa hachangii hata shilingi.

Mimi hupiga picha za wavuvi wa dagaa pale Kibirizi, jioni wakifunga taa kwenye boti kabla ya kuingia ziwani. Mbalamwezi ikiwa kali hawatoki, kwa hiyo siku zangu ni zile za giza. Nilikusanya picha mbovu zote kwenye kompyuta nikasoma taarifa za kila moja. Karibu zote: f/4.5 (uwazi wa tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, mwanga mwingi unaingia), ISO 3200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga; ukipanda sana picha inatoa chenga), shata 1/20 (inakaa wazi sehemu ya ishirini ya sekunde). Boti imetoka safi, hata misumari ya mbao unaiona, lakini mkono unaofunga taa umekuwa moshi. VR, kifaa kilicho ndani ya lenzi, hutuliza mtikisiko wa mikono yangu, haimzuii mvuvi kusogea. Stendi nayo hivyohivyo. Rafiki akaniazima bodi (kamera bila lenzi) mpya zaidi, nikaifunga lenzi yangu ileile ya zumu, 18-55, inayovuta kutoka milimita 18 hadi 55. Chenga zikapungua kidogo, mkono ukabaki moshi.

Kumbe shida ni lenzi: haiingizi mwanga wa kutosha shata iende kasi. Nikaitamani 50mm f/1.8, isiyo na zumu, inayosifiwa na kila mtu. Kabla ya kutoa hela, nikaizungushia solatepu ringi ya zumu ya lenzi yangu, ikae kati ya alama ya 45 na 55, nikawa naenda hivyo Kibirizi. Ilinibana vibaya! Ndani ya boti mvuvi yuko hatua mbili tu mbele yako, unataka uso wake pamoja na taa, unarudi nyuma, na nyuma ni maji. Nikaibandua, nikaibandika kwenye 35. Raha tupu: uso, taa na mikono vyote ndani.

Nikaagiza Dar 35mm f/1.8G iliyokwishatumika, laki tatu na ushee pamoja na nauli ya kifurushi. Kutoka f/4.5 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka zaidi ya mara sita, shata ya 1/20 ikapanda hadi 1/125. Sasa hata nyuzi za kamba anayofungia taa zinahesabika.

Wenye bodi ndogo za Nikon kama yangu, tafuteni maandishi ya AF-S kwenye lenzi, yaani lenzi yenye mota yake ya fokasi. Muuzaji mmoja aling'ang'ania nichukue AF 50mm f/1.8D kwa kuwa ni ya bei nafuu. Inafunga vizuri na inapiga, ila fokasi utazungusha kwa mkono, kwani bodi hizi hazina mota ya fokasi ndani.

Siku hizi wananisukuma ninunue 70-300, lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, kwa ajili ya sokwe wa Gombe. Nilishakwenda na ya kuazima. Chini ya miti ile f/5.6 ni giza lilelile la Kibirizi, na sokwe akikatiza njiani, 300 inakuonyesha sikio tu. Hiyo sinunui.