Mishipa Minne ya Kinena

Kila mwaka, wanafunzi wapya wanapoingia maabara ya anatomia, hapiti muda kabla mmoja wao hajainua uzi kwa koleo na kuuliza, "Mwalimu, huu ni mshipa gani?" Nami humjibu kwamba kwa Kiswahili hajakosea, ila hajasema kitu bado, kwa kuwa neno hilo tunalitumia kwa kinachopitisha damu, kwa kinachopitisha fahamu, na wengine hulitumia hata kwa ukano, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa.

Mahali ninapopenda kulifundishia jambo hili ni kinena. Ngozi na mafuta vikishaondolewa juu ya paja, ukitoka upande wa nje kuelekea ndani, unakutana kwanza na neva, ile inayopitisha fahamu, nyeupe na isiyo na uwazi katikati. Kisha ateri, inayotoa damu moyoni, ambayo ukuta wake mnene huifanya ibaki mviringo hata ikikatwa. Halafu vena, inayorudisha damu moyoni, yenye ukuta mwembamba unaolala bapa kama mfuko uliomwagwa. Ukiipita vena pana upenyo mdogo ambamo utumbo unaweza kujipenyeza na kufanya uvimbe, yaani ngiri, ambayo wazee wetu nayo huiita mshipa. Vitu vinne katika upana wa vidole vichache, na jina ni lile lile.

Wanafunzi hucheka, nami huwakumbusha kwamba neno la Kigiriki la neva lilikuwa na maana ya ukano pia, hadi tabibu Herophilus wa Alexandria, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alipozitambua neva kuwa kitu cha peke yake.

Mpangilio huo si wa kukariri tu. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi, ambaye vena za mikono yake zimenywea, huenda akachomwa sindano kinenani, na daktari huongozwa na mapigo ya ateri: vena iko kando yake, upande wa ndani. (Zoezi la kuyatafuta mapigo hayo huwaagiza wakalifanye bwenini, kila mtu kwake, kwa staha.)

Katika mtihani wa mdomo uliopita nilijifanya mgonjwa, nikamwambia msichana mmoja, "Daktari, mshipa unanisumbua tangu juzi." Hakukimbilia majina ya Kiingereza. Aliniamkia kwanza, kisha akauliza, "Mzee, ukikohoa, unatokeza?" Nilimpa alama zote za swali lile.