Kichupa, kijiti na tarehe

Jumapili baada ya ibada nilisimama mbele ya wazee wa Kikongo hapa Louisville, Marekani, nikatamka "mavi" mara tatu. Walicheka, kisha wakasikiliza. Karatasi ya maelekezo ya kipimo cha saratani inasema "sampuli ya kinyesi". Ni Kiswahili safi, ila bibi mmoja wa Fizi alidhani ni jina la dawa.

Mimi ni wa Kigoma, mkalimani kwa kazi. Hili la kipimo cha saratani ya utumbo mpana nalifanya kwa kujitolea. Wengi wao walipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huko kwetu Kigoma, kwa hiyo tunaitana majirani.

Kipimo kinaitwa FIT. Unachokoa choo kwa kijiti, unakirudisha kwenye kichupa, unatia bahasha posta, na maabara inatafuta damu ambayo jicho haliioni. Hakuna sindano wala kufunga kula. Kinarudiwa kila mwaka, na tangu 2021 Marekani inashauri watu waanze kupimwa wakiwa na miaka 45 badala ya 50. Kolonoskopi, yaani kamera ya kuchungulia ndani ya utumbo mpana, ni nzuri, lakini mwambie mtu wa zamu ya usiku akose kazi siku nzima, anywe dawa ya kuharisha, halafu atafute wa kumrudisha nyumbani kwa gari!

Nilidhani aibu ndiyo ingetushinda. Kumbe ni tarehe. Novemba maabara ilikataa vichupa kadhaa, vingine havikuandikwa tarehe kabisa. Mzee mmoja aliniletea barua yake: "Mwanangu, hata mavi yangu yamenyimwa viza?" Alikuwa ameandika 4/11, yaani tarehe nne Novemba, kama tulivyofundishwa shuleni. Mmarekani huanza na mwezi. Akasoma Aprili 11, choo cha miezi saba!

Sasa tunaandika mwezi kwa herufi. Na narudia hadi wanachoka: maabara ikikuta damu si lazima iwe saratani, ila kolonoskopi haikwepeki. Mama mmoja alikwenda akilia. Walimkuta na vijinyama viwili, wakavikata palepale, na Jumapili iliyofuata alikuwa kwaya.

Yule mzee wa viza amerudia kipimo. Alikuja na bahasha ndani ya mfuko wa Biblia. Nikamwuliza, "Papa, mbona hukuitia posta?"

"Soma tarehe kwanza."

Ameandika MACHI kwa herufi kubwa, na mwaka mara mbili.